Maharage Niliyopika Spånga

Mama Zawadi, mke wangu,

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika ndugu wanne na yule daktari aliyesema sifiki Krismasi, na baridi ya huku Spånga, mtaa wa Stockholm, nayo haijaniweza.

Binti yetu huenda kazini alfajiri. Siku mbili nilishinda njaa nikingoja kuandaliwa, unajua kichwa changu. Ya tatu nikainjika maharage mwenyewe. Yalichukua asubuhi nzima. Nje theluji inaanguka polepole, sina pa kwenda, basi nikakaa kando ya sufuria. Hapo ndipo nilipokuona wewe, miaka hamsini jikoni, na mimi mlangoni nauliza, "Bado tu?"

Jirani yetu Mrundi alisikia harufu akabisha hodi.

"Mzee, nani anapika?"

"Mimi."

"Wewe, mwanamume wa Kenya?" Akacheka sana, kisha akala sahani mbili.

Ahsante, mama, kwa sufuria zote hizo. Nikirudi, jikoni naingia mimi, wewe utakaa sebuleni ukipumzika. Spånga nzima hakuna anayenishinda kwa maharage. Usiponiamini muulize Zawadi, aliyekwangua sufuria, au huyo jirani, Mama Odette.

Mumeo