Mirija Iliyogoma Kung'aa

Alhamisi, Tororo

Imeng'aa! Wiki nzima nilihofia kwamba utafiti wangu umekufa, kwani mirija yangu ya kaboni, isiyoonekana kwa macho, haikutoa mwanga wowote. Kosa lilikuwa langu: niliharakisha kuitikisa katika maji ya sabuni yanayoitenganisha, ili niwahi kuhutubia mkutano wa wanafunzi. Ikabaki imeshikana matita, na nishati ya kila mrija ikapotelea kwa jirani yake.

Leo nimeitikisa saa nzima ikatengana, na kipimo kikaunasa mwanga.

Nikampigia shangazi, mfanyabiashara wa Busia. Akacheka: "Wewe mtoto, kila siku unapiga kelele watu washikamane! Leo unafurahi vitu vimeachana?"

Mimi, msemaji wa wanafunzi wa chuo kizima, nikacheka naye. Kesho msimamizi wangu wa utafiti atauona mwanga huo, na mwaka huu nitahitimu.