Kupe wa Jumapili

Jumapili, 20 Juni 1965

Shemeji Shitanda amemchukua mbwa wangu tena. Bila kuuliza. Nimetoka kanisani nikakuta kamba tupu mlangoni. Navalayo, mke wake, ameniambia kwa upole kwamba wanaume wameenda msituni kuwinda paa, nisiwe na wasiwasi. Kwani mbwa ni jembe? Hata jembe huombwa!

Kisingizio cha Shitanda ni kile kile: eti mbwa ni wa boma, na boma ni la marehemu kaka yake. Mume wangu Patroba alikuwa na mwaka mzima kaburini nilipomnunua huyu mbwa, Karani. Nilimlea kwa uji. Shamba analolinda nimelinunua kwa mayai na kuku wangu, wao wakicheka kwamba mwanamke hanunui udongo. Shemeji hakutoa hata yai moja.

Karani amerejeshwa jua likizama, ulimi nje. Kupe thelathini na wanne.

Jumatatu, 21 Juni

Nimerudia kumkagua mchana, jua likiwa kali. Nimepata tisa zaidi, wadogo kama mbegu za wimbi. Hawa ndio wabaya, wanajificha. Ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia, chini ya ukosi. Asiyeangalia hapo hajaangalia mbwa.

Natumia kibano cha miiba. Unamshika kupe karibu kabisa na ngozi, unavuta pole pole, umenyoosha. Husokoti. Humpasui kwa kucha. Unamtumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa, na kidonda unakiosha kwa maji ya chumvi. Nilijifunza kwa Mzungu wa majani chai, miaka minne nikiosha mbwa wake wawili waliokula vizuri kuliko mimi.

Nimefyeka nyasi kuzunguka nyumba. Matandiko yake nimeyachoma, nimempa gunia jipya.

Jumapili, 27 Juni

Tena! Ila leo kuna jipya. Shitanda amekuja mwenyewe na mbwa, na watoto wake nyuma, amebeba paja la paa kwenye jani la mgomba. Kwao, mbwa akiwinda, mwenye mbwa hupewa paja. Ameliweka mbele yangu kama askofu anayetoa sakramenti.

Sikumwangalia. Nilikuwa naangalia sikio la Karani. Kupe wamepangana kama mahindi kwenye gunzi. Nikamwambia sitaki nyama, nataka aniachie mbwa wangu. Paja likarudi lilikotoka. Watoto wakalifuata.

Usiku sikuumia roho hata kidogo. Nilidhani nimeshinda.

Jumatatu, 28 Juni

Karani hayupo. Kamba pia haipo.

Nimemkuta Navalayo kisimani. Amenieleza huku akijaza mtungi, bila kunitazama. Katika ukoo wao, ukikataa paja, umemkataa mbwa. Umesema si wako tena. Aliyewinda naye anamchukua, na hakuna wa kumuuliza.

Nimemwambia mimi ni wa Bunyore, kwetu hatuna hayo. Paja ni nyama tu.

"Ndiyo, dada," amesema. "Lakini umeolewanga huku."

Alhamisi, 1 Julai

Nyani. Wamejua mbwa hayupo kabla ya majirani kujua. Asubuhi wamekula mistari miwili upande wa msitu, na mahindi yenyewe ndiyo kwanza yanakomaa. Hawali wakamaliza. Mmoja anang'ata hindi mara moja, anatupa, anavunja lingine. Nimepiga debe mpaka mkono umekufa ganzi. Dume moja likaketi kwenye kichuguu likiniangalia kama mtu anayesubiri chenji.

Wakati wote huo nilimsikia Karani akibweka kwa Shitanda. Alinusa nyani. Amefungwa.

Jumamosi, 3 Julai

Nimeshindwa kuvumilia. Nimekwenda na kibano mfukoni.

Amefungwa kwenye zizi la ng'ombe. Zizini! Shitanda amemweka huko kwa heshima, eti alinde mali. Na kupe wakishiba kwa ng'ombe huangukia wapi, kama si pale pale alipolala mbwa? Tena amejaribu kuwatoa, maskini. Amewang'oa kwa vidole, vichwa vimebaki ndani. Kisha amempaka mafuta ya taa mgongo mzima. Manyoya yamelowa, ngozi imekuwa nyekundu kama ya mtu aliyeungua chai.

Nimemfokea. Nimemwambia mafuta ni ya kuua kupe kwenye kopo, si ya kumpikia mbwa. Navalayo alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono kwenye leso.

Nilingoja Shitanda anijibu kwa hasira. Hakufanya hivyo. Aliangalia chini, akasema:

"Shemeji, ulikataa nyama yangu mbele ya watoto wangu. Hata jirani mbaya hawezi kufanya hivyo. Tangu Patroba afariki hujawahi kupokea kitu mkononi mwangu. Hata mbegu. Nilipomwona mbwa anapenda kwenda na mimi, nilisema, basi, mbwa atatupatanisha."

Nikatoa kibano mfukoni. Nimemtoa Karani kupe kumi na sita nikiwa nimepiga magoti kwenye kinyesi cha ng'ombe, nikaenda zangu. Nimemwacha. Sijui kwa nini nimemwacha. Njiani nimefikiria zile mbegu. Ni kweli aliniletea, mwaka ule wa kwanza. Nilimrudishia kikapu kikiwa kimejaa vile vile.

Jumatano, 7 Julai

Navalayo amekuja mbio kabla ya chai. Karani hali chakula. Amekojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi.

Homa ya kupe. Niliijua kabla sijafika. Nimeinua mdomo wake: fizi nyeupe, kama karatasi. Mwili moto. Hata mkia hakuinua.

Shitanda alikuwa ameshaitoa baiskeli yake nje. Tumemweka Karani kwenye tenga nyuma, mimi nimeshika tenga, yeye akisukuma, kutoka Shinyalu mpaka Kakamega mjini. Njia ina utelezi baada ya mvua. Penye kilima aliniuliza kama nimechoka, nami nikamwambia asukume tu.

Daktari wa mifugo ni kijana, mpole. Amemchoma sindano. Amesema tumemchelewesha lakini si sana. Damu imeliwa, mwili utajaribu kuirudisha. Apewe maji, awekwe mahali pa baridi, tuangalie fizi kila siku. Shitanda alimuuliza fizi zinasemaje. Daktari akamwonyesha kwa kidole: unabonyeza, unaachia, unaangalia kama wekundu unarudi. Shitanda amebonyeza mara nyingi mno. Karani alimvumilia.

Tulipofika njia panda ya nyumbani sikumwambia apite wapi. Baiskeli imekata kona kuja kwangu yenyewe.

Alhamisi, 8 Julai

Karani yuko jikoni kwangu. Bado hali chakula.

Alfajiri nimesikia debe likilia shambani. Nikatoka na panga. Ni Shitanda, kwenye mstari wa mwisho karibu na msitu, amejifunga gunia kichwani kwa ajili ya umande. Nikamuuliza anafanya nini kwangu.

"Mpaka yule apone," amesema, "mbwa ni mimi."

Nilitaka kununa. Ilinishinda.

Ijumaa, 9 Julai

Maji kidogo. Mkojo umepungua weusi, au nataka uwe umepungua.

Nyani wamevuna hindi moja tu.

Jumapili, 11 Julai

Sikwenda kanisani. Shitanda naye hakwenda msituni, wawindaji walipita kumwita akakataa. Wamemtania hadi barabarani, eti ameajiriwa kubweka. Akawabwekea.

Karani amelamba mchuzi asubuhi akautapika.

Mchana nimepeleka obusuma, ugali wa kwetu, na mboga shambani. Navalayo alikuwa huko, anang'oa magugu yangu bila kuombwa. Shitanda alipoinama kunawa nikamwona kupe shingoni mwake, chini ya kola, ameshavimba. Siku tatu analala kwenye nyasi akiwavizia nyani! Nilipomwambia, akapeleka kucha. Nikampiga mkono.

Nimemkalisha kwenye jiwe. Navalayo amesema nisimhurumie. Mtu mzima, watoto watano, amefumba macho kabla kibano hakijafika. Kupe ametoka mzima na kichwa chake. Nikamwonyesha. Kisha nikamwambia avue shati, maana mmoja hatembei peke yake. Nimepata mwingine kwapani.

Aliuliza kama Karani pia hufumba macho. Nikamwambia hapana, Karani hunitazama mimi. Akafumbua macho.

Sasa ni jioni na bado hajakwenda kwake. Amechuchumaa jikoni na taa, mimi niko hapa mezani. Anamsemesha mbwa kwa Kiluhya, maneno ya kumsemesha mtoto. Namsikia akimwomba afungue mdomo.  Ananiita nikaangalie fizi, anasema amebonyeza na wekundu umerudi, ila haamini macho yake peke yake —