Pima Kumi za Kamba

Geita, Jumatano, 1954. Mvua haijakatika tangu alfajiri, nami nimekaa ndani nimejikunyata kama kuku aliyelowa.

Mimi nimefika Burma, vitani, hata watu huniita Burma. Nimekula nyama ya kopo na Wazungu, nimewachekesha maofisa mpaka wakamwaga chai. Hapa Geita hakuna mti ulioishinda kampuni yangu. Kampuni yenyewe ni mimi, mashoka, msumeno wa watu wawili, na rafiki yangu Kulwa.

Kulwa ndiye anayepanda juu. Ndiye aliyekuwa akipanda.

Mwezi uliopita tulipata kazi ya kupunguza mkuyu mkubwa ulioinamia nyumba za mgodi. Karani wa mgodi aliniuliza maswali huku akiandika. Kamba mnazo? Tunazo. Mpandaji anajifunga kabla ya kukata? Anajifunga, tena kwenye shina, si kwenye tawi. Halafu akauliza, "Na bima unayo?"

Masikio yangu hayachagui herufi tangu mizinga ya Burma. Mimi nilisikia pima, ule urefu wa mikono miwili iliyotanuliwa. Na kamba yetu nilikuwa nimeipima asubuhi ileile, mikono nimeitanua kama tai.

"Ninazo kumi," nikajibu, kifua mbele.

Karani akainua uso. "Kumi? Kumbe wewe tajiri, kontrakta!"

"Na nyingine ziko nyumbani."

Nilidhani anaisifu kamba yangu.

Ijumaa iliyopita Kulwa akapanda. Aligonga shina kwa kisigino cha shoka, akatega sikio, kama tufanyavyo siku zote. Likaitika vizuri. Akajifunga. Lakini mkuyu una hila: juu majani mabichi, ndani umeoza kama jino. Shina likapasuka palepale penye kamba, vikashuka vyote pamoja, Kulwa na mti na zile pima zangu kumi.

Jana daktari aliukata mguu wake wa kulia, juu ya goti.

Leo asubuhi nilikwenda kwa karani kuulizia fidia. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Bima si kamba. Ni kampuni huko Dar es Salaam, unailipa kila mwaka, na mtu wako akiumia, yenyewe ndiyo inamtazama yeye na watoto wake. Mgodi hautoi kitu, maana kontrakta mwenyewe alisema anazo kumi.

Nikavaa kofia yangu, nikatoka mvuani.

Ng'ombe wangu wako kwa mama, Kishapu. Nitawatoa wote, hata yule mwenye mimba. Lakini ng'ombe huisha. Mtoto wa mwisho wa Kulwa bado ananyonya, na baba yake hajui kazi nyingine ila kupanda miti.

Kutoka ofisini nilipitia hospitali. Mke wake alikuwa pembeni ya kitanda na bakuli la uji.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Shija."

"Nasikia watu wanasema una bima. Ni kitu gani hicho? Kitatusaidia?"

Nikafungua mdomo. Mdomo huu uliozungumza na makapteni. Ukauliza kama uji una sukari.

Kulwa alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kumbe habari za pima na bima zilikwisha kumfikia kabla yangu; maneno ya ofisini hukimbia.

"Mwache shemeji yako," akasema. "Bima yake naijua mimi. Nimeanguka nayo."

Akafumbua jicho moja, akanitazama.

"Burma, kesho uje nayo. Unipimie magongo ya kutembelea. Hawa wasije wakanitengenezea mafupi, nikatembea kama bata."

Wodi nzima ikacheka. Mama Shija hakucheka. Mimi nilicheka, maana nisingecheka ningelia mbele ya wagonjwa.

Kamba ninayo hapa kitandani. Bado inanata utomvu wa mkuyu. Sijui kwa nini, nimesimama nikaipima tena, mikono nimeitanua kutoka ukuta hadi ukuta.

Ni kumi. Sikusema uongo.

Kesho nitampelekea.