Benki Inanidai, na Viti Wanavyokalia Hawajanilipa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumatatu haijafika, kwa sababu Jumatatu nimepanga kuingia benki na koleo mkononi na sijui kama nitatoka na heshima yangu.

Mimi ni fundi wa makochi, mwanamke, mtaani wananiita Mama Sponji. Mwanzoni mwa mwaka meneja wa tawi letu la benki alikuja mwenyewe karakana kwangu, akakalia kochi la mteja, akalibonyezabonyeza, akasema anataka viti vyote vya ukumbi wao wa kusubiria vivuliwe vitambaa vilivyochanika na vivalishwe upya, nikamwambia sina mtaji wa kununulia ngozi ya bandia na sponji ya viti vyote hivyo, naye akacheka akaniambia nisihangaike, akaunti yangu wataiwekea ovadrafti, yaani nitoe pesa kuzidi zilizomo, na siku benki ikinilipa deni litajifuta lenyewe, basi nikaweka dhamana cherehani yangu kubwa ya kushonea ngozi, nikafanya kazi, nikapeleka viti, wakavipokea kwa sahihi na muhuri, wakavisifia, wakavikalia.

Malipo hayakuja. Nikiuliza tawini naambiwa makao makuu, nikipiga makao makuu naambiwa tawini, na huku riba ikaingia, ikaja faini ya kuchelewa, ikaja ada ya kila mwezi ya kuwa na deni, na kila wakikata wananitumia ujumbe wa simu kunijulisha kwamba wamekata, na ujumbe wenyewe nao wanaukatia hela. Kila wiki nikawa napeleka chochote nilichopata ili kulipoza, makato yakakimeza na deni likabaki palepale, na mbaya zaidi mama mmoja akaniwekea kwenye akaunti hiyohiyo malipo ya awali ya makochi ya bintiye, yakamezwa kabla sijayagusa, sasa kitambaa chake nimekopa dukani na kila akipita najificha nyuma ya magodoro kama mwizi.

Wiki iliyopita wakaniita. Nilifika nimechoka, nikakaa kwenye kiti kimojawapo kati ya vile vyangu, akaja binti wa dawati la mikopo, wala hakunikaripia, akaniambia, "Mama, wadaiwa wanasubiri kule kwenye benchi." Mshauri, nilihama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko makato yote, kwamba niliinuka nikahama. Ndani, meneja akaniambia nisipotia sahihi mkataba wa kupanga upya deni lote, mwisho wa mwezi wanakuja kuchukua cherehani, na bila cherehani ile mimi si fundi tena.

Mume wangu, mtu asiyependa kelele, anataka kutoa pesa za mabati ya nyumba yetu alipe yote tulale kwa amani. Wifi yangu anasema twende wote wawili na koleo, tung'oe pini, tuvue kila kiti mbele ya wateja wao, wabaki na mbao, na moyo wangu uko kwa wifi. Nifuate yupi?

Mama Sponji

*

Mama Sponji,

Hasira yako ni halali, na mimi nimeipata pia niliposoma habari ya benchi. Lakini koleo liache karakana. Ukivua kiti kimoja tu, kesho yake wewe ndiye mhalifu, na meneja anayestahili kuulizwa maswali anageuka kuwa shahidi. Utakuwa umempa zawadi.

Mumeo naye mwambie mabati ni ya nyumba. Akilipa, atakuwa amelipia uchelewaji ambao si wenu, na hakuna mtu pale benki atakayekumbuka tena viti. Amani ya namna hiyo itavuja mvua ya kwanza ikinyesha.

Sasa nikugombeze kidogo. Mtu akikuambia deni litajifuta lenyewe, unampa kalamu aandike. Na nani alikutuma uendelee kumimina hela kwenye akaunti inayomeza bila kutafuna? Kuanzia leo isiingie humo hata senti; fungua akaunti kwingine, wateja walipe huko. Yule mama wa makochi acha kumkimbia. Mfuate kwake, mweleze lililotokea, mpe tarehe utakayoitimiza, kwa sababu yeye hajakukosea kitu.

Mkataba wao usiutie sahihi. Ukishautia, umekubali kwamba kila faini ni ya haki, na hutakuwa na mdomo tena. Andika barua fupi: ulipeleka viti lini, nani alivipokea, wanadaiwa kiasi gani. Waambie wakulipe, wakate humo kile ulichonunulia vifaa na riba ya siku ulizokuwa kazini, kisha wafute kila kilichoongezeka tangu walipopokea viti, maana tangu siku hiyo waliochelewa ni wao. Wakupe na taarifa ya akaunti inayoonyesha kila kato, na cherehani isiguswe mpaka wakujibu. Ambatisha nakala ya ile karatasi yenye muhuri. Yenyewe halisi isitoke mkononi mwako hata wakuombe kwa heshima gani. Barua nyingine iende makao makuu, na chini yake uandike kwamba wasipojibu utakwenda kwa mamlaka inayosimamia mabenki. Utashangaa watu wazito wanavyoweza kuwa wepesi. Na kabla ya hayo yote pitia ofisi ya msaada wa sheria, wakusomee ulichosaini ulipoweka dhamana, maana nina wasiwasi hukukisoma.

Jumatatu nenda na wifi yako. Mdomo wake tunauhitaji, mikono yake iwe mitupu. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yako, halafu subiri majibu, na usisubirie kwenye benchi. Kaa kwenye kiti chako. Yule binti akija kukuhamisha, usimkaripie. Mwambie utahama siku watakapokilipia.