Nesi Aliyerudishwa Mlangoni

Mkomani, Lamu

Mama yangu mpendwa,

Mjukuu wako amenitoroka sasa hivi. Nimegeuka kidogo tu kukoroga maharagwe, kurudi simwoni. Nimemkuta amepanda ngazi mpaka juu, ameketi mbele ya chumba cha Bi Rukia na kipande cha chapati mkononi, anagonga mlango. "Bibi, fungua. Ni Mueni." Mlango una kufuli. Alipoona hafunguliwi akaikata ile chapati, nusu akaisukuma chini ya mlango, nusu akala. Nimembeba nikamshusha. Ndiyo maana nimeketi kukuandikia.

Lakini ngoja nikusalimu kwanza, nisionekane kama mtu asiyefunzwa kwao. U hali gani, Mama? Miguu bado inafura jioni? Sukari je, dawa zinapatikana? Na mvua imefika huko Mwingi ama bado mnaangalia mawingu yakipita? Sisi kwa mwili tuko wazima. Baba Mueni yuko Kiwayu. Ile hoteli anayopika haijaona mgeni tangu korona iingie, amebakishwa kulinda majengo, na huja huku akipata boti. Moyo ndio si mzima. Mama, Bi Rukia mwenye nyumba wetu amefariki.

Wewe ulimjua kwa sauti tu, yule aliyekuwa akininyang'anya simu akuambie, "Huyu binti nimemtwaa, sikurudishii." Mimi nilimjua nikiwa na tumbo la Mueni. Nilifika hapa simjui mtu, nimesimama nje na mabegi nasubiri Baba Mueni aulize bei ya chumba, na yeye akanifungulia. "Ndoo ndani, mwana wangu, usisimame ndiani na tumbo." Hapa ndivyo wanavyosema njoo na njia. Hakuniuliza kanisa wala kabila. Nilipojifungua ni yeye aliyenikanda mafuta na kunifunga tumbo, kazi ambayo ingekuwa yako.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana nataka uelewe mpaka mwisho.

Mumewe alikufa mwaka huu, mzee aliyekuwa mgonjwa wa figo siku nyingi. Kwa Waislamu mke akifiwa na mume hukaa eda. Miezi minne na siku kumi anakaa ndani, hajipambi, hatoki kwenda kutembea, haonani na wanaume wasio wa nyumbani. Bi Rukia alikaa kwake juu, akavua bangili zake, na akaniambia, "Nimemkalia vizuri akiwa hai, nitamkalia vizuri akiwa kaburini." Mambo ya nje yote yakawa mikononi mwa mwanawe Kassim.

Kassim ni mtoto wake wa pekee, anasoma chuo kikuu Nairobi. Chuo kilifungwa kwa sababu ya korona, akarudi kusomea kwa simu hapo dakani, ndio ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabenchi ya mawe. Si kijana mbaya, Mama, usimchukie. Alikuwa akimbeba Mueni mabegani na kumfundisha kuhesabu. Lakini chanjo ilipokuja, yeye na wenzake waliigeuza mchezo. Walikuwa na kikundi chao kwenye simu na alikuwa akinisomea tukicheka, maana nami nilicheka. Mmoja anasema ukichanjwa huzai. Mwingine anasema hiyo ni ya wazee, kijana korona inampita kama mafua. Mwingine, "Wacha wahadhiri watangulie, wakibaki hai tutafuata." Nilimuuliza Kassim, "Na wewe unasemaje?" Akaniambia, "Dada Mwende, mimi sikatai. Ninasubiri." Nilipochanjwa mimi kule kliniki, nikarudi na homa ya siku moja, alinitania, "Haya, kesho utatuotea pembe."

Basi imamu wa msikiti wao akatangaza baada ya sala kwamba chanjo haina dhambi, na wamama walio kwenye eda watafuatwa nyumbani na nesi mwanamke. Akaja kweli. Nesi Mwanaisha, mtu wa Pate, mnene, ana kisanduku chake cha baridi begani na jasho linamtiririka. Mimi nilikuwa uani nafua, nikawasikia neno kwa neno.

Kassim akamsimamisha hapo dakani. "Mama yuko eda."

"Najua yuko eda. Ndiyo maana nimekuja mimi, sikumwita yeye."

"Akitoka eda tutamleta wenyewe."

"Wewe si ndiye wa chuo kikuu? Umechanjwa?"

"Bado. Tunasubiri kwanza."

"Mnasubiri nini, mwanangu?"

"Tuone watu watakuwaje."

Nesi akageuka mzima mzima kama mtu anayepimwa nguo. "Haya nione. Mimi nimechanjwa. Nimeota mkia?"

Kassim akacheka, lakini hakutoka mlangoni. Huko juu Bi Rukia alisikia sauti, akaita, "Kassim! Nani huyo?"

"Watu wa kliniki, mama. Wanapita tu."

"Mwambie aingie anywe mayi, jua hili."

"Ana haraka, mama."

Nesi Mwanaisha alinitazama mimi huko uani, kisha akamtazama yeye, akasema, "Haya. Mimi nitarudi mwezi ujao. Mfikirie mama yako." Akainua kisanduku chake akaenda.

Nilipanda juu, Mama. Nilimwambia Bi Rukia nani amekuja na amekuja kufanya nini. Alikuwa anachambua mchele. Hakukasirika hata. Akasema, "Mwanangu ndiye mesoma. Mimi hata jina langu naandika kwa shida. Akisema ngojani, nitangoja." Na uso wake ulikuwa na fahari, fahari ya mtu aliyeuza dhahabu zake mtoto aende chuo. Nikashuka nikamalizia kufua.

Wiki tatu baadaye, nesi hajarudi bado, alianza kukohoa.

Kwanza alisema ni vumbi la mchele. Kisha akashindwa kumaliza sala akisimama, akawa anasali ameketi. Siku alipokosa pumzi, hizi njia za hapa gari haliingii, wakaleta machela. Aliomba buibui lake kwanza. Alinishika mkono akauliza, "Mwende, natoka na eda haijesha?" Nikamwambia Mungu anaona. Na Kassim, yule yule aliyesema mama yuko eda, ndiye aliyeshika machela mbele, analia mbele za watu, anaita "mama, mama" kama Mueni anavyoniita mimi.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Hakurudi. Daktari hakumficha Kassim. Alimwambia chanjo si kinga ya kila kitu, na mama alikuwa na pumu, lakini ingempa nafasi. Hilo neno nafasi ndilo limemwingia. Hali chakula vizuri mpaka leo.

Mazishi yalikuwa ya watu wachache, wamejifunika pua na mdomo. Wenzake wa chuo walio huku walikuja kumpa pole. Mmoja anaitwa Swaleh, kijana wa Pate, naye yumo kwenye kile kikundi cha simu. Nilikuwa nawapelekea kahawa nikamsikia anamwambia Kassim polepole, macho yake chini, "Mimi nilichanjwa zamani. Nilitaka chuo kikifunguliwa nisizuiwe mtihani kwa kukosa cheti cha chanjo."

Kassim akainua kichwa. "Na ulikuwa unacheka na sisi?"

"Niliogopa mtanicheka mimi."

"Swaleh, ungeniambia. Mimi tu. Ungeniambia mimi tu."

Yule kijana akaanza kulia, na Kassim akamshika bega. Mama, wote wawili ni watoto. Wanajua vitabu ambavyo mimi sitavijua, na bado ni watoto walioogopa kuchekwa.

Sasa ninakuja kwako. Mwezi uliopita ulinipigia ukasema chanjo imefika kanisani kwenu, na Ndanu amekukataza, eti ungoje kidogo. Ninampenda mdogo wangu. Ndiye wa kwanza kwetu kuingia chuo kikuu, na mimi nikiwaambia watu hapa kwamba dada yangu atakuwa mwalimu wa sekondari, shingo inarefuka. Lakini hilo neno ngoja nimelisikia tayari katika nyumba hii. Wewe una sukari, Mama. Usingoje. Simu yako huwa mkononi mwake, ndiyo sababu nimeamua kuandika, na barua hii inakuja na mwalimu Kilonzo wa shule ya hapa, anayerudi huko kwa likizo. Isome mwenyewe polepole, ama umpe mke wa mchungaji akusomee. Halafu uende. Mkono utauma, labda utasikia homa, kunywa uji ulale. Mambo mengine yote ya Ndanu msikilize, hili moja nisikilize mimi niliyeishia darasa la saba.

Wala usimgombeze. Ukimgombeza atanyamaza, na akinyamaza atarudi kwa wenzake wa simu.

Kuna jambo moja linanipa matumaini. Jana Kassim alishuka jikoni, kitu hajafanya tangu mazishi, akaniomba nambari ya Ndanu. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Wewe akikusikia atasema dada hajasoma. Mimi ni mwenzake. Nitamwambia nilivyomfanyia mama." Nilimwambia si lazima ajichome hivyo. Akasema, "Ni lazima, Dada." Nikampa.

Nisalimie baba mdogo, umwambie kanda la mkonge alilosuka bado linanibebea samaki sokoni. Msalimie shangazi Kalekye wa dukani na watoto wake wote, na nyanya, umbusu mikono kwa niaba yangu, na yeye mchukue mwende kanisani pamoja, asiachwe nyuma kwa sababu ni mzee. Baba Mueni anakusalimu sana. Mueni anasema utakuja lini. Mungu akitufungulia njia tutakuja Desemba, umwone anavyofanana na wewe akikasirika. Ni mimi binti yako

Mama ngoja, sijamaliza, Kassim ananiita kutoka juu. Anasema ni Ndanu kwenye simu, wameongea muda mrefu, Ndanu analia, na anataka kuniuliza kama kesho akikupeleka kanisani kuchanjwa yeye mwenyewe wewe utakubali. Kubali, Mama.