Niliyafunika Meno ya Susu

Ijumaa, mwezi wa saba. Baridi. Ukungu umekalia vilima vya Iveti tangu asubuhi, na mimi pia sina nia ya kuchangamka. Nimeingia saiba hii ya mjini Machakos na vidole vyenye rangi, na mwenye duka ameshaniangalia vibaya kwa sababu ya kibodi yake. Aniangalie tu. Leo nina hasira ya kumgawia kila mtu.

Juzi nilidanganya kwa brashi.

Jumapili hii kuna ibada ya shukrani kule Kola, kanisani kwa Susu, bibi yangu aliyemzaa mama. Ndiye pekee aliyebaki hai kati ya wanawake waliobeba mawe ya kujenga kanisa lile. Wazee wa kanisa wakataka picha yake itundikwe ukutani, na mjomba wangu, ambaye ni mmoja wao, akasema kazi nipewe mimi kwa kuwa nachora watu. Nilifurahi. Jumamosi tatu nilienda na rangi zangu, nikamkalisha Susu mlangoni penye mwanga.

Susu ana meno yaliyochongwa. Wakamba wa rika lake wanajua: meno ya mbele yalitiwa ncha, na huo ndio uliokuwa urembo wa usichana wao. Kisha wakaja wahubiri wakasema ni ushenzi, na tangu hapo Susu akicheka mbele ya wageni huvuta leso mdomoni. Jumamosi mbili alinikalia hivyo, leso mkononi. Ya tatu akakumbuka jinsi marehemu babu alivyofukuzwa na fahali wake mwenyewe mpaka juu ya ghala, akacheka, leso ikaanguka, nami nikachora nilichokiona.

Kazi yangu ni hiyo. Sipendi kuchora watu ambao hawajawahi kuwepo. Studio za hapa mjini zinamvisha marehemu suti na tai, mzee wa watu aliyeishi na kufa na koti moja la kaki, halafu jamaa zake wanalia mbele ya picha ya mgeni. Mimi husema kwamba maana ya picha siiongezi mimi. Ipo tayari, kwenye mikunjo ya shingo, kwenye kidole kilichopinda kwa kusokota kamba za kusukia vikapu vya kiondo. Mchoraji atulie tu na kutazama. Nimeyasema haya mara nyingi, tena kwa kujidai.

Jumatano mjomba alikuja kibandani kwangu na akina mama wawili wa kanisa. Akaitazama picha, akasonya.

"Hiyo mdomo funga," akasema. "Wageni wanatoka mpaka Nairobi. Unataka waseme mama yangu ni mshenzi?"

Ungefikiri anamwagiza fundi afunge dirisha. Akina mama wakaitikia kwa vichwa. Kisha, akiwa mlangoni, akataja kwamba ukuta wa nyuma ya madhabahu nao unatafuta mchoraji.

Nikasema, "Sawa, mjomba."

Hapo ndipo hasira inaponigeukia. Mjomba ana kiburi, tena kile kibaya cha kumwonea haya mama aliyemzaa, na ningeweza kumsema hapa mpaka saiba ifungwe. Lakini brashi haikushikwa na mjomba. Ni mimi niliyechanganya rangi ya midomo nikayafunika meno, dakika ishirini tu. Na picha ikapendeza! Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Bibi mtulivu, mdomo umefungwa, angefaa kwa kalenda ya duka la vitambaa.

Leo asubuhi nikaipeleka Kola. Susu alikuwa uani akichambua ndengu. Akaishika picha kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, kisha akapitisha kidole pale mdomoni. Kidole kikatoka na rangi.

"Hata wewe," akasema.

Akarudi kwenye ndengu zake.

Nilipokuwa nimesimama pale ndipo nilipoona kwamba sikumuuliza hata mara moja. Nilimfungua mdomo bila kumuuliza, nikamfunga bila kumuuliza, na muda wote huo najiita mtu wa ukweli. Nikapiga magoti karibu na ungo, nikamuuliza waziwazi kama anataka meno yake yaonekane kanisani.

"Tulikuwa wasichana watatu siku ya kuchongwa," akasema. "Wale wawili walilia. Mimi sikulia. Lete hiyo mafuta ya taa."

Rangi ya chini ilikuwa imekauka zamani, ya juu bado mbichi. Nilifuta polepole kwa kitambaa na mafuta ya taa, naye akinishikia picha, na meno yakarudi moja moja. Mdomo wa chini umebaki na doa jekundu. Siligusi.

Ukuta wa madhabahu nimeshaukosa, najua. Mjomba atapiga simu kesho na kelele zake, na safari hii sitasema sawa. Susu ameshaamua kwamba Jumapili atakaa kiti cha mbele, chini ya picha hiyo, na kama kuna la kucheka atacheka. Mjomba akitaka mdomo ufungwe, basi aanze na ule wa mama yake.