Filimbi Yako Sirudishi, Mtani

Kwako Kondo, mtani wangu, Mzaramo wa Maneromango unayejifanya umelala,

Sikupi salamu. Salamu wanapewa watu wanaoaga wanapoondoka. Wewe uliondoka Tabora kama mwizi wa kuku, na begi lako lile la bluu, hata mlango wa chumba chako hukuufunga. Kwa hiyo tuanze hivyo hivyo.

Dada yako Chausiku kanipigia simu. Anasema Jumamosi ni arobaini yako, na familia inamtaka mtani wa marehemu afike akafanye kazi ambayo haikufanyika siku ya mazishi: akutukane, akalie kaburi azuie watu, achukue kitu chako akatae kukirudisha mpaka ndugu wakikomboe. Nimemwambia nitakuja. Sikumwambia kwamba nimekununia. Sheria unaijua, maana ulikuwa unanikumbusha wewe mwenyewe: mtani hanuni. Akinuna si mtani tena, ni adui kama maadui wengine, na matusi yake makaburini yanakuwa matusi kweli. Sasa mimi nimenuna, Kondo. Ndiyo maana naandika. Yakinitoka hapa, nitapanda treni nije, na barua hii nitaisoma mbele ya ndugu zako wote wajue walimlea mtu wa namna gani. Yasiponitoka, nabaki zangu Tabora, na wewe utakaa huko bila mtani.

Unakumbuka ulivyoingia karakana yangu ya useremala pale Cheyo? Umetoka kuchomelea vyuma vya reli mpya, uso umejaa masizi, hujaniambia hata hodi, unataka nikuchongee magoli. Nikakuuliza marefu kiasi gani. Ukanyoosha mkono juu, juu, juu tena, nikadhani unataka nguzo za umeme.

"Ya mpira gani haya?"

"Raga. Mpira wa yai. Unaurusha nyuma, lakini unakwenda mbele."

"Basi huo mpira wa pwani," nikasema. "Nyie ndio mnaorudi nyuma mkidhani mnasonga."

Ukanikazia macho. "Kwani wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Ulichukua randa yangu mezani, randa nzuri niliyorithi kwa baba, ukaitia kwenye begi, ukatoka nayo mlangoni polepole kabisa, hujaharakisha hata kidogo. Wanafunzi wangu wakataka kukukimbiza. Nikawaambia mwacheni, huyo ni mtani. Babu zangu walipita kwenu na mizigo kichwani wakienda pwani, wakala kwenu, wakaugua kwenu, wakazikwa kwenu, na ndiyo maana mpaka leo Mzaramo akiniibia mchana kweupe siwezi kwenda polisi. Nilikomboa randa yangu kwa magoli ya mkaratusi, nikakuchimbia na mashimo yake kule uwanjani Itetemia. Na ulipoona yamesimama ukasema yamepinda. Hayakupinda! Ni wewe uliyekuwa umeinamisha shingo.

Halafu ukawa kocha wetu, na mimi ukanivuta ndani, ukatuita Wapagazi. Timu nzima. Sisi tulitaka jina la mnyama mkali kama timu za wenzetu, wewe ukasema hakuna mnyama mkali Tabora zaidi ya nyuki. "Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka baharini kwa miguu," ukatufokea, "nyie mnashindwa kusukuma watu wanane!" Kila tulipoinama kwa skramu, vichwa vimefungana, mabega yanawaka moto, ulikuwa unapiga kelele kutoka pembeni, "Haya, mizigo!" Na sisi tunajibu, "Juu!" Ndipo tunasukuma. Watu waliokuwa wanapita na baiskeli walikuwa wanasimama kututazama kama wendawazimu. Shija, yule mkulima wa tumbaku wa Goweko, ndiye aliyekuwa anaitikia kwa nguvu kuliko wote, na alikuwa anatoka Goweko kwa pikipiki na vumbi lote lile ili tu aje atukanwe na wewe. Mimi nahodha wako nilikuwa katikati ya mstari wa mbele, meno yangu ya mbele nimeyaacha pale. Hilo nalo nitakudai, ngoja tu.

Nakumbuka mechi ya kwanza ya ligi ya kanda, kule Nzega, mvua imenyesha, tope mpaka magotini. Tulipigwa. Tulipigwa vibaya, mashabiki wao wakachoka kushangilia. Njiani kurudi, ndani ya basi, wewe ukasimama katikati ya viti na kutuambia, "Nimefurahi sana. Nilikuwa na wasiwasi huenda mnajua kucheza, nikakosa kazi." Watu wakaangua kicheko. Ulikuwa na ulimi huo, ambao mimi leo naulaani.

Tukaanza kushinda. Sitakusifu, usikae ukisubiri. Nasema tu kilichotokea. Mpaka wazee wa mjini wakawa wanatoka msikitini baada ya Alasiri wanapita Itetemia kuangalia, wakiuliza kwa nini yule wa pwani anatukana watoto wa watu. Tulipoifunga Igunga tukajua fainali ni yetu na Kigoma, tena nyumbani kwetu.

Sasa nakuja hapo. Kaa sawasawa.

Baada ya Igunga tulikaa kwenye nyasi nyuma ya goli, tunakula viazi vitamu na karanga. Wewe hukula. Suruali yako ulikuwa umeifunga kamba kiunoni, shati linakupwaya, na Shija alikuwa ameshakuambia kwamba umeanza kufanana na mti wa goli. Ukasimama, ukatutazama wote, ukasema:

"Nyie wabeba mizigo, sikilizeni. Daktari kaniambia nakufa. Ini limekwisha. Nimemwomba anivutie siku mpaka ligi iishe, kakataa. Nashukuru Mungu, maana sitawaona mkiangusha mpira mbele ya watu wa Kigoma."

Tulivunjika mbavu! Kuna mtu alipaliwa na karanga.

"Pikipiki yako yangu, kocha!" Shija akapiga kelele.

"Mimi filimbi," nikasema.

Ukaivua shingoni, ukaja, ukanivalisha. "Shika. Na siku yenyewe usiniletee machozi yako ya mamba. Niletee matusi."

Nikaipuliza mpaka mbwa wakabweka. Nilikuwa nimeshinda, unaelewa? Nilikuwa nimelipa kisasi cha randa.

Hivi wewe ni mtu wa aina gani, Kondo? Ulikuwa na msimu mzima. Ulikuwa unakuja karakana kwangu karibu kila jioni, unakalia mbao zangu za mninga, unakunywa chai yangu, unasema ina sukari kidogo kama roho ya Mnyamwezi. Mke wangu alikuwa anakuwekea kiti. Ungeniita jina langu. Jina langu ni Ramadhani. Katika miaka yote hukuniita hilo jina hata mara moja, ni Mpagazi, Mpagazi, Mpagazi. Ungesema tu, "Ramadhani, kaa chini," ningejua kuna jambo, moyo ungenipasuka pale pale. Lakini ukasimama mbele ya timu nzima, ukatoa habari ya kifo chako kwa sauti ile ile uliyokuwa ukitumia kututukana. Ulitaka tufanyeje? Mtani akisema anakufa, watu wanagawana urithi. Ndivyo tulivyolelewa. Ndivyo na wewe ulivyolelewa. Ulijua tutacheka. Ulichagua mahali ambapo hakuna mtu angekuamini, ukasema ukweli wote hapo, ukajipa moyo kwamba umetuaga. Huo ni uoga. Nimekaa nao nikiugeuza huku na huku nikitafuta jina zuri zaidi, sijaliona.

Na kesho yake ukatoweka.

Tuliulizana. Simu yako imezimwa. Mwenye nyumba hajui. Kule kwenye reli wakasema umeacha kazi. Halafu mjini maneno hayakosi, wakasema umepata timu ya vijana wa kitajiri Dar, wamekununua, umetuacha wiki ya fainali. Tukaamini. Kwa nini tusiamini?

Siku ya Kigoma uwanja ulijaa. Tulikuwa sawa nao mpaka mwisho kabisa, skramu ya mwisho, karibu na mstari wetu. Tukainama. Tukafungana. Nilihisi Shija ameinua kichwa kidogo kutazama pembeni, mahali ulipokuwa unasimama. Wote tulikuwa tunasubiri mtu aseme "Haya, mizigo". Mimi nahodha ndiye niliyepaswa kusema, na nilifungua mdomo, wallahi nilifungua, lakini lile neno lilikuwa lako na lilikataa kunitoka. Kigoma wakasukuma. Walitupitia wakaweka mpira chini nyuma ya mstari wetu, fainali ikawa yao, wakarukaruka juu ya migongo yetu. Shija alilia hadharani, mwanamume mzima mwenye wake wawili.

Siku zile tulikuita msaliti. Shija alisema akikuona atakuvunja mguu, mimi nikamwambia mwingine niachie. Haukuwa utani. Na wiki ile ile tuliyokuwa tunakuita hivyo, kumbe ndiyo wiki waliyokuzika.

Chausiku ndiye aliyenieleza. Alinipigia kwa namba nisiyoijua, sauti imekauka. "Wewe ndiye Mpagazi Mkuu?" Ndivyo ulivyoniandika kwenye simu yako. Simu uliyoifunga kwa namba ya siri bila kumwambia mtu, mjanja wewe, mpaka mpwa wako alipoipeleka kwa fundi, na wakati huo umeshazikwa. Akaniuliza, "Mbona hukuja? Alituambia, msinifukie mpaka aje mtani wangu Mnyamwezi anitukane. Tulikusubiri mpaka Alasiri. Shehe akasema maiti haiwekwi. Tukamzika hivyo hivyo."

Nikamuuliza, hakukuwa na mtani mwingine hata mmoja?

"Hakukuwa. Watu walikaa kimya tu, kaka. Kaburi la Kondo, watu kimya!"

Nilikata simu. Nilichukua nyundo nikapiga meza yangu mwenyewe mpaka nikaipasua. Mteja alikuwepo, akaondoka.

Wewe! Mtu uliyetukana Tabora nzima, uliyemtukana mwamuzi, uliyewatukana watu wa Nzega kwenye uwanja wao, uzikwe kimya kimya kama karani! Hakuna aliyeingia kaburini akalala kwanza akasema shimo hili dogo, hamtoshi huyu kwa uvivu wake. Hakuna aliyewaambia wabebaji wa jeneza wamteremshe taratibu, huyu hajawahi kuamka mapema maisha yake yote. Ndugu zako hawakupata hata mahali pa kucheka kidogo katikati ya kilio. Na hiyo kazi ilikuwa yangu. Uliniahidi hiyo kazi ukanivalisha filimbi mbele ya mashahidi, halafu ukahakikisha siipati. Hapo ndipo uliponikosea. Fainali nimekusamehe. Kufa nako, basi, kila mtu atakufa. Lakini hili la kuninyima kaburi lako, hapana.

Mke wangu amesoma mpaka hapa. Ameniambia, "Baba Zuwena, mbona unamwandikia mtu uliyemnunia kurasa zote hizi?" Nikamwambia anyamaze. Akaenda kunitolea kanzu, anapiga pasi. Anaimba wimbo, ati.

Basi sikiliza, Mzaramo. Jumamosi nakuja, na Shija anakuja, amevaa suti ya harusi yake ya kwanza, haifungiki. Tutashuka Dar tukiwa tumechoka na njaa, na ole wao ndugu zako wakitupa wali mkavu. Nitakalia kaburi lako nikiwa na viatu. Nitawaambia wote kwamba hujui kuchomelea, lile geti ulilonitengenezea limeshaanguka. Nitawaambia ulikuwa unashinda mechi kwa migongo yetu, wewe ukilala usingizi wako. Nitawaambia Wazaramo wameishiwa mbinu, sasa wanakufa ili wasidaiwe mbuzi wa kuchinjia timu ikitwaa ubingwa. Shija atainama pale na mpwa wako na vijana wote watakaokuwepo, tutafunga skramu juu yako, na safari hii lile neno nitalisema mimi. Wewe utaitikia huko chini. Usipoitikia tutarudia mpaka jua lizame.

Chausiku ameniuliza kuhusu filimbi. Anasema ilikuwa ya marehemu na mama yenu anaitaka, na familia wameshatenga jogoo wa kuikombolea, kama desturi. Nimemjibu kwa heshima, maana dada yako hana kosa. Jogoo wamle wenyewe. Filimbi sirudishi, si kwa jogoo, si kwa mbuzi, si kwa ng'ombe wa Igunga. Nimemwambia aje kuikomboa aliyenivalisha. Aje mwenyewe, na miguu yake, asimame mlangoni pa karakana yangu kama siku ile, aombe.

Mimi nitasubiri. Wewe si ndiye uliyesema sisi tunajua kubeba?

Mtani wako asiyenuna,
Mpagazi Mkuu